Kupakia pikipiki kubwa ya safari kwenye pikapu bila kuiangusha (kwa wa Dodoma na kanda ya kati)

Wakuu, hii naandika hasa kwa walioko Dodoma, Manyoni, Singida na Kondoa. Ile barabara ya Cape mpaka Cairo inakatiza hapa kwetu, inatoka Iringa inavuka Mtera inaingia Dodoma alafu Kondoa, Babati mpaka Arusha, kwahiyo wenye mapikipiki makubwa wanapita sana, na wenyeji wanaomiliki nao wapo. Sasa likizingua njiani, klachi imeungua au rimu imepinda, anatafutwa mtu mwenye pikapu. Anakuja na kamba ya manila na vijana wanne, vilevile kama anavyokuja kubeba Boxer ya bodaboda, na hapo ndo shida inapoanzia.

Boxer ni kilo 120 hivi. BMW R1250GS ikiwa na mafuta ni kilo 249, ile Adventure inafika 268, Yamaha Super Ténéré ya 1200 iko kwenye 260, na Honda Gold Wing inavuka 360, hapo bado hujaweka maboksi ya pembeni na mizigo ya mwenyewe. Ukiangalia vizuri utaona pikipiki hizi zikibebwa haziharibikii gari likiwa linatembea, zinaharibikia wakati wa kupanda na kushuka, tena zile sekunde chache tairi la mbele liko kwenye bodi na la nyuma bado liko kwenye ubao, aliyeshika usukani amebaki chini mikono imenyooka juu na hana pa kukanyaga. Ikilala hapo hakuna wa kuizuia. Kwahiyo maandalizi yote nayoeleza hapa ni kwa ajili ya hizo sekunde.

Anza na gari. Kirikuu hapana. Zile Suzuki Carry ndogo mzigo wake ni kilo 350, ukiweka GS na watu wawili nyuma ushamaliza, na kabodi kenyewe ni kepesi. Hilux au Land Cruiser pikapu ndo gari, uzito wanaumudu, tatizo ni urefu wa bodi. Single cabin bodi ina kama mita 2.3, hapo hata Gold Wing inakaa, mkia utatokeza kidogo ila matairi yote mawili yako ndani. Double cabin bodi ni mita 1.5 tu na hapa watu wanajidanganya sana. Chukua GS, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni kama mita moja na nusu, ongeza nusu ya tairi la mbele sentimita 30 na kitu, maana yake ukiisimamisha imenyooka tairi la nyuma linakanyaga kwenye mlango wa nyuma wa bodi uliofunguliwa. Ule mlango umeshikiliwa na vikebo viwili au vibati, ukipita tuta moja kwa kasi uzito unajizidisha na kebo inakatika. Double cabin lazima uiweke kimshazari, tairi la mbele kona ya abiria na la nyuma kona ya dereva, hapo hesabu inakubali kwa shida. Gold Wing kwenye double cabin achana nayo, tafuta single cabin au Canter.

Sehemu ya kupakilia ndo muhimu kuliko hata idadi ya watu. Bodi ya Hilux iko juu kama sentimita 85 kutoka chini. Ukiwa na ubao wa mita mbili na nusu kwenye tambarare na pikipiki ya kilo 260, wa kusukuma wanahitaji nguvu ya kama kilo 88 muda wote mpaka juu, achilia mbali kuibalansi isilale. Sasa rudisha gari matairi ya nyuma yaingie kwenye mtaro au kwenye kashimo ka sentimita 30, ubao ni uleule, nguvu inashuka mpaka kilo 57 hivi, na mwinuko unapungua hata tumbo la pikipiki halikwami pale juu kwenye ukingo wa bodi, maana Gold Wing iko chini na ni ndefu, ubao ukiwa mkali inakaa kwa injini katikati na hapo haiendi mbele hairudi nyuma. Kizuri zaidi ni kingo ya udongo, na kanda hii kingo ziko kila mahali, makorongo makavu, kingo za barabara zilizochongwa na greda, sehemu za kupandishia ng'ombe minadani. Unarudisha gari mpaka bodi iwe sawa na kingo, unaweka ubao mfupi kama daraja, pikipiki inaingia karibu bapa kabisa. Kuzunguka nusu saa kutafuta kingo ni bora kuliko kuita vijana sita. Ila angalia udongo wenyewe, mchanga wa korongo unabomoka ukingoni, gari lisije likatitia mkashindwa kutoka.

Ukitumia mtaro kumbuka bodi nayo inakuwa imelalia nyuma, kwahiyo pikipiki ikishapanda bado inataka kurudi. Usiiachie mpaka mikanda ya mbele imekazwa.

Ubao. Mbao moja ya paina yenye vifundo usiiamini kwa uzito huu, tafuta mbao ngumu nene ya inchi mbili na upana inchi kumi, alafu katikati chini yake weka egemeo, tofali zilizopangwa au gogo, ubao usipinde. Kama unafanya kazi hii mara kwa mara nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee ya chuma, skwea paipu na juu chekapleti, yenye mdomo wa kukaa ndani ya bodi sio chini ya sentimita kumi. Na tafadhali, UFUNGE UBAO KWENYE GARI. Kwa cheni au mkanda, kwenye chasi au kwenye pin ya kuvutia trela. Tairi la nyuma likishaanza kukamata linasukuma ubao kwenda nyuma, usipofungwa unachomoka na pikipiki inadondoka na kila aliye karibu nayo. Hiki kitu nakiona hakifanyiki kabisa na ndo kinaumiza watu. Pembeni weka ubao wa pili wa mtu kutembea, ule wa aliyeshika usukani, ili apande pamoja na pikipiki asibaki chini.

Mlango wa nyuma kama unatoka utoe kabisa. Kama hautoki, ubao uvuke mlango na ukae kwenye bodi yenyewe.

Watu watatu wanatosha wakiwa wanasikilizana. Mmoja kushoto ameshika usukani na klachi, mmoja kulia ameshika chuma cha kulinda injini au sehemu ya chesisi, wa tatu nyuma anasukuma kwenye keria, na asikae nyuma kabisa katikati, akae kidogo pembeni ili ikirudi imkose. Anayeongea ni mmoja tu, yule wa usukani. Vijana wa kijiweni watakuja wenyewe, na wanakuja kwa nia njema, lakini kila mmoja atashika anapopaona, indiketa, saiti mira, ekzosti ambayo bado ni ya moto. Waonyeshe kabla hamjaanza: shika hapa, hapa usiguse. Na hela yao ya soda wapeni, wamefanya kazi.

Sasa kupandisha kwenyewe. Kama injini inawaka, washa, gia ya kwanza, tembea pembeni yake ukiachia klachi kidogo kidogo. Usiipande kuiendesha mpaka juu hata kama una uzoefu, mguu hautafika chini pale ukingoni na kichwa kitakutana na kebini. Kama haiwaki tumia chenbloku au winchi ya mkono iliyofungwa mbele ya bodi, inavuta taratibu na inashikilia mkipumzika, inashinda watu kumi.

Kuna jambo moja wengi hawalijui kuhusu breki. Pikipiki ikiwa imeelekea juu uzito mwingi umeenda tairi la nyuma, la mbele limekuwa jepesi, kwahiyo ukikamata breki ya mbele ili isirudi, tairi linafunga lakini linateleza kwenye ubao na pikipiki inarudi hivohivo. Breki ya nyuma ndo inashika ila iko mguuni na wewe unatembea. Dawa ni klachi. Injini ikiwa imezimwa (kama inawaka izime kwanza) na gia ya kwanza imeingia, ukiachia klachi tairi la nyuma linafunga, ukibana linaachia. Hiyo ndo breki yako ya mkono kupanda na kushuka, ifanyie mazoezi chini kwanza mara mbili tatu mpaka kidole kizoee. Kama klachi yenyewe ndo imeungua basi hii haipo, ni winchi au kingo ya udongo tu, hakuna njia ya mkato. Na wenye BMW za kati ya 2001 na 2006, baadhi yake breki zinasaidiwa na pampu ya umeme, swichi ikiwa ofu breki zinabaki dhaifu sana, usije ukazitegemea kwenye ubao.

Ikishaingia, tairi la mbele liguse ukuta wa mbele wa bodi, weka kipande cha mbao kila upande wa tairi lisigeuke. Stendi zote juu. Watu wanapenda kuiacha kwenye stendi ya pembeni alafu wanafunga, na inaonekana imetulia kweli, lakini kila tuta linaipiga ile stendi na bati la bodi mpaka stendi inapinda au bodi inatoboka. Stendi kubwa nayo hivohivo, tairi la nyuma linaning'inia na mikanda inalegea. Pikipiki isimame kwa matairi yake na mikanda.

Mikanda ni ya racheti (ile ya kukaza kwa mpini), minne, soma lebo ya uzito wake. Manila hapana, inanyooka, na mpira wa tyubu hapana. Miwili ya mbele inashika chini kwenye T ya foku (kile chuma kinachounganisha miguu miwili ya foku), sio kwenye handeli, maana handeli za hizi pikipiki zinazunguka kwenye vishikio vyake na waya nyingi ziko hapo. Kulabu isiguse pikipiki, tumia kitanzi cha kitambaa, mkanda wa siti wa gari la skrepa ambao haujachanika unafaa sana. Vuta kwenda mbele na chini, kona ya kushoto na ya kulia, kaza huku na huku kwa zamu mpaka shokapu za mbele ziingie kama nusu ya safari yake. Usizizamishe mpaka mwisho, utaua oil seal (mpira unaozuia oili isivuje) na hakutakuwa na nafasi ya kucheza. Miwili ya nyuma inashika chesisi karibu na pa kukanyagia abiria, kazi yake ni kuzuia mkia usiruke na usihame, inakazwa kiasi.

Kulabu ambazo hazina kifungio angalia kwa makini, shokapu ikibonyea kwenye tuta mkanda unalegea sekunde moja na kulabu inachomoka yenyewe. Hapo ndo ule mpira wa tyubu una kazi, zungushia kwenye kulabu isitoke. Mkia wa racheti ukunje uufunge, ukiachwa unapepea unafungua mkanda wenyewe. Na turubai usifunike, upepo wa huku kiangazi unalipepesa na vumbi liko katikati, ukifika rangi imesuguliwa kama kwa msasa.

Barabarani simama mapema, matuta ya kwanza ndo yanaonyesha mkanda upi haujakaa. Ukielekea Dar simama Ihumwa, alafu tena Kibaigwa. Ukielekea Singida cheki kabla hujaanza kupanda Saranda, na wa kupita Kondoa kwenda Babati kabla ya kona za Kolo na Bereku. Unashika mkanda unautikisa, uliolegea kaza, mbele kwanza. Kwenye vijiji ni 50 na kwenye matuta shuka mpaka gari litambae, mzigo huu uko juu na unayumba na gari kwenye kona. Kilichotokeza nyuma kifunge kitambaa chekundu, usiku weka taa. Kadi ya pikipiki iwe mkononi na kama mwenyewe hayupo akuandikie na kusaini kwamba amekutuma, trafiki akiona pikipiki ya mamilioni nyuma ya pikapu lazima aulize ni ya nani.

Kushusha ni kinyume chake na ni hatari zaidi kwasababu kila mtu amechoka. Tafuta tena kingo au mtaro, funga ubao kwanza. Mikanda ya nyuma inatoka, alafu watu wawili wanashika pikipiki kabisa mkononi ndo unafungua ya mbele, mmoja mmoja, pole pole, maana zile shokapu zimebanwa na zinaruka juu ukiachia ghafla. Injini imezimwa, gia ya kwanza, inarudi kinyumenyume na klachi kidogo kidogo, hatua moja unasimama, hatua moja unasimama. Wa nyuma wakae pembeni.

Ikishakuwa chini, bana breki ya mbele uibonyeze foku mara kadhaa uone inarudi sawa na hakuna oili kwenye mirija, angalia mikanda haikubana waya wala paipu ya breki, alafu pampu breki zote mbili mpaka ziwe ngumu kabla mtu hajaipanda.