Nyumba ya Kipupwe: Kuziba Upepo na Kupamba kwa Gharama Ndogo Arusha na Moshi

Anayehamia Arusha kutoka Dar es Salaam kwa kawaida hufungasha feni na kusahau blanketi, na kosa hilo hulitambua wiki ya pili ya Juni, pale anapoamka alfajiri na kukuta sakafu ya saruji ina baridi kama jiwe la mtoni. Tangu Juni hadi Agosti pepo za kusi huleta hewa yenye unyevu inayopanda miteremko ya Meru na Kilimanjaro, mawingu hutanda, na zipo siku ambazo jua halionekani mpaka saa saba au saa nane mchana. Mji wa Arusha uko takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini ni chini zaidi, na kwa hiyo kuna nafuu, ingawa mkazi wa vijiji vya mlimani kama Machame, Kibosho au Marangu hatakubali kuambiwa kwamba Moshi hakuna baridi.

Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa kufikiria jua na mvua: kuta za tofali za saruji, paa la bati, madirisha yasiyofunga sawasawa, na mlango unaoacha upenyo ambao mjusi hupita bila kuinama. Kwa kuwa kipupwe ni cha miezi mitatu tu, sioni sababu ya kununua samani mpya wala hita ya umeme inayokula luku usiku kucha. Kazi ninazozieleza hapa zinahitaji blanketi kuukuu, nguo za mitumba, pumba za mpunga, chokaa kidogo na ile sindano nene ya kushonea magunia tunayoiita shazia.

Kabla ya kushika sindano, izunguke nyumba yako na kuisoma. Arusha na Moshi ziko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi tatu na kitu, nalo jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 27 kutoka utosini linapofika juu kabisa, jambo ambalo huku hutokea kama saa sita na nusu. Mwenyeji wa huku hahitaji dira ili kuijua kaskazini, kwa sababu Arusha mjini kaskazini ndiko uliko Meru na Moshi mjini ndiko uliko Kilimanjaro. Kwa hiyo dirisha linalotazama mlima ndilo litakalopokea jua la kipupwe, na linaloupa mlima mgongo litasubiri hadi Oktoba. Hamishia upande wa mlima meza ya kusomea, kiti cha mzee na kitanda cha mtoto mchanga, na upande wa pili weka kabati la vyombo na vitu visivyosikia baridi. Hakuna pambo la bei rahisi kuliko kusogeza kiti.

Baada ya jua, utafute upepo. Funga milango na madirisha yote jioni, washa kijiti cha udi, kisha ukipitishe polepole kando ya fremu, chini ya milango na kwenye pembe za dari. Moshi wa udi ukipanda wima, hapo pako salama. Ukikatika au kulala upande, weka alama kwa chaki. Nyumba niliyopanga Arusha ilinipa alama kumi na moja, na sita kati yake zilikuwa kwenye mlango mmoja wa nyuma.

Mlango huo nilianza kuutibu kwa mto mrefu. Chukua mguu mmoja wa suruali ya jinzi iliyochoka, ukate uwe mrefu kuliko upana wa mlango kwa sentimita tano, ushone ncha moja, ujaze pumba za mpunga, kisha ushone ncha ya pili kwa shazia na uzi wa nailoni. Pumba hupatikana kwenye mashine za kukoboa, hasa kwa walio karibu na mashamba ya mpunga ya ukanda wa chini wa Moshi, na mara nyingi mwenye mashine atakushukuru kwa kumpunguzia lundo. Zianike juani siku mbili kabla ya kujaza, kwa maana pumba mbichi huota ukungu na kunuka. Asiyepata pumba atumie maranda makavu kutoka kwa seremala. Ukipenda mto uwe pambo, uvishe foronya ya kitenge inayovulika, kwa kuwa kitu kinacholala sakafuni huchafuka kila siku.

Kwenye madirisha, pazia jepesi la mtandio linalopendeza Januari halina kazi Julai. Huhitaji kuling'oa, ongeza nyuma yake bitana ya blanketi kuukuu. Kipimo ninachokitumia ni upana wa dirisha mara moja na nusu, na bomba la pazia lizidi dirisha kwa sentimita 15 kila upande ili kitambaa kifunike na ukuta ulio pembeni, ambako upepo hupenya zaidi. Bitana isishonwe moja kwa moja kwenye pazia. Itundike kwenye pete zilezile kwa vitanzi na vifungo, ili Septemba uitoe, uifue na kuihifadhi. Upande unaoonekana chumbani unaweza kuwa kitenge chenye rangi ya kahawia, nyekundu iliyoiva au njano ya haradali, rangi ambazo chini ya mawingu huchangamsha macho kuliko buluu na kijivu. Mapazia yafunguliwe yote mara jua linapotoka na kufungwa kabla ya magharibi, maana pazia zito linalofungwa mchana kutwa hufungia baridi ndani.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwaka wa kwanza niliziba kila nilichoweza kukiziba, hata matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha nikayajaza matambara, nikajiona fundi. Kwa kuwa nguo hazikukauka nje kwa siku mbili tatu, nilizianika ndani, na jioni nikapika uji na maharage mlango ukiwa umefungwa. Mwishoni mwa Julai nilipolisogeza kabati nilikuta ukuta wa nyuma umeota madoa meusi, na viatu vya ngozi vimevaa manyoya ya kijani. Sababu yake ni nyepesi: hewa ya joto iliyobeba mvuke ikigusa ukuta wa baridi, mvuke hugeuka maji, na penye maji yasiyokauka ukungu hufanya makao. Tangu hapo matundu ya juu siyagusi, nafungua madirisha ya pande mbili kwa robo saa jua linapotoka, kabati linakaa sentimita kumi kutoka ukutani, na nguo mbichi zinaanikwa barazani hata zikichukua siku tatu.

Ukuta uliokwisha kuota ukungu usipakwe rangi juu yake, kwa sababu ndani ya wiki chache rangi itababuka. Ufute kwa kitambaa chenye siki, uuache ukauke kabisa, uusugue kwa brashi huku umefunika pua na mdomo, kisha upake chokaa. Chokaa ni kali kwa ukungu, huruhusu ukuta kupumua, na mfuko mmoja kutoka duka la vifaa vya ujenzi hutosha vyumba kadhaa. Kasoro yake ni kwamba hushika kwenye plasta tupu au kwenye chokaa ya zamani tu; juu ya rangi ya mafuta itabanduka kama ganda la yai.

Chekecha chokaa, ikoroge na maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, uilaze usiku mmoja, kisha lowanisha ukuta na upake mikono mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata. Vaa glavu na miwani, kwa sababu tone moja jichoni ni safari ya hospitali. Anayetaka rangi yenye joto aongeze udongo mwekundu uliokaushwa na kuchekechwa kwa kitambaa, usiozidi sehemu moja kwa sehemu kumi za chokaa. Matokeo yake ni rangi ya waridi iliyofifia ambayo hakuna duka linaloiuza. Jaribu kwanza mahali padogo nyuma ya mlango, kwa kuwa chokaa mbichi huonekana nzito na hufifia sana inapokauka.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni zulia la kusuka, kwa sababu hufanyika jioni watu wakizungumza, na hata watoto hupata cha kushika. Nenda soko la Memorial kule Moshi, au soko la Kilombero hapa Arusha, jioni wakati wauzaji wa mitumba wanapotaka kufunga, uombe tisheti zenye madoa na zilizotatuka, zile ambazo hakuna anayezichagua. Zikate vipande vya upana wa sentimita tano kwa kuzunguka kama unavyomenya chungwa, ili kila tisheti itoe utepe mmoja mrefu. Unga tepe tatu kwenye ncha, funga ncha hiyo kwenye mguu wa kiti, usuke kama unavyosuka nywele, bila kukaza mno. Chagua rangi tatu na usizidishe. Zulia langu lina kahawia, kijani ya majani ya mgomba na nyekundu ya shuka la Kimaasai, na kwa duara la kama mita moja nilitumia tisheti kumi na nane.

Msuko ukifika urefu wa mita kadhaa, anza kuukunja kama konokono na kushona kila mzunguko kwa ule uliotangulia. Ushone ukiwa umelaza kazi mezani. Anayeshonea mapajani huvuta uzi bila kujua, na zulia lake hujikunja kama bakuli, na hakuna pasi itakayolinyoosha. Kwenye mizunguko ya kwanza legeza msuko kidogo kila unapokata kona. Chini ya zulia tandaza maboksi mawili yaliyofunguliwa, na juu yake mkeka, kwa kuwa hewa iliyonaswa ndani ya boksi huzuia baridi ya saruji. Kila Jumamosi inua vyote, maana saruji hutoa unyevu, na boksi likilowa libadilishwe.

Kuhusu mwanga nitasema machache. Balbu zilizoandikwa 2,700K au 3,000K hutoa mwanga wa njano unaofaa jioni za baridi. Kapu la zamani lililopinduliwa linaweza kuwa kivuli cha taa, mradi balbu iwe ya LED isiyochoma. Kioo kitundikwe mkabala na dirisha la upande wa mlima. Kwa mmea wa ndani, kata shina la sale, liweke kwenye chupa ya maji safi, nalo litatoa mizizi lenyewe na kudumu miezi mingi. Ujue tu kwamba kwa Wachagga sale ni jani la kuombea radhi, na mgeni mzee akilikuta sebuleni anaweza kuuliza ni nani kamkosea nani.

Mazoea ya kuingiza jiko la mkaa chumbani na kulala nalo yaachwe kabisa. Mkaa unaowaka, hata ule mwekundu usiotoa moshi, hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na aliyelala haamki ili kuikimbia. Dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kuwa kinga. Nyumba iliyozibwa vizuri kwa njia nilizozieleza huongeza hatari hiyo, na ndiyo maana nayataja haya katika maelezo ya mapambo.

Joto la jiko litumike kwenye chakula, kwa kapu linalolihifadhi ili chakula kiendelee kuiva bila moto. Chukua kapu pana, litandikie chini na pembeni unene wa sentimita kumi wa blanketi na mito midogo ya pumba za mpunga, ushone mto mmoja wa kufunika juu, na kwa nje ulivishe kitenge likae jikoni kama pambo. Loweka mahindi na maharage ya makande usiku kucha, mwaga maji hayo, uyachemshe kwa maji mapya na moto mkali kwa dakika 45. Maharage mekundu hasa hayapaswi kamwe kuingia kapuni kabla ya kuchemka kwa nguvu walau dakika kumi, kwa sababu yana sumu inayohitaji moto huo ili iharibike. Sufuria iwe imejaa karibu na ukingo na mfuniko ubane. Iingize kapuni ingali inatokota, funika, na usifunue kwa saa nne. Kabla ya kula, rudisha jikoni mpaka ichemke tena, ndipo uunge kwa vitunguu, nyanya na tui au maziwa. Blanketi la ndani ya kapu litakuwa limenyonya mvuke, kwa hiyo siku inayofuata lianikwe kwenye dirisha linalotazama mlima.