Kuzielewa ada za hataza kabla ya kulipa: mwongozo kwa wavumbuzi wa Mtwara na Lindi

Fundi wa Mtwara aliyebuni mashine ya kubangua korosho bila kuvunja punje, na bila mafuta ya ganda kuwaunguza mikono wabanguaji, huuliza kwanza kuwa hataza, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila idhini, inagharimu kiasi gani. Swali hilo halijibiki kwa kiwango kimoja, kwa kuwa ofisi za serikali hutoza ada kwa hatua: kuwasilisha ombi, kulichunguza, kutoa hataza, na kuidumisha baada ya kutolewa. Hesabu ya kweli ni jumla ya ada zote katika uhai wa hataza, na hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kulipa hata senti moja.

Kwa Tanzania Bara, ombi hupelekwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, chini ya Sheria ya Hataza, Sura ya 217. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu, na stakabadhi yake ihifadhiwe pamoja na nakala ya ombi. Zaidi ya ada ya kuwasilisha kuna ada ya kila mwaka, ambayo hulipwa mapema. Hataza isiyolipiwa hufa hata kama uvumbuzi wenyewe ni bora, kama mkorosho usiopuliziwa salfa kwa wakati. Anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa za Afrika anaweza kupitia ARIPO, shirika la kikanda la miliki ubunifu barani Afrika lenye makao yake Harare, lakini ajue kwamba huko hulipia ombi lenyewe na tena hulipia kila nchi anayoitaja. Kutaja nchi nane ambako hatauza mashine hata moja ni kujibebesha ada za kila mwaka zisizo na faida, na kwa maoni yangu nchi mbili au tatu zenye viwanda vya korosho zinatosha kwa kuanzia.

Jambo moja linahusu mpangilio wa malipo kuliko kiwango chake. Usiionyeshe mashine hadharani, kwa mfano kwenye Nane Nane pale Ngongo, Lindi, kabla ya kuwasilisha ombi, kwa sababu nchi nyingi hudai uvumbuzi uwe haujajulikana popote. Ukiwasilisha kwanza nyumbani, Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa unaolinda hataza na alama za biashara, unakupa miezi 12 ya kupeleka ombi hilo nchi nyingine ukiwa bado na tarehe yako ya awali, na muda huo unatosha kutafuta fedha za ada za nje. Kwa ombi la kimataifa la PCT, yaani Mkataba wa Ushirikiano wa Hataza unaoruhusu ombi moja kwa nchi nyingi, ada ya msingi ya kimataifa ni faranga 1,330 za Uswisi, lakini waombaji wa nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwemo, hupunguziwa asilimia 90.

Marekani inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa ni soko kubwa la korosho na jedwali lake la ada liko wazi. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 19 Januari 2025, ombi la kawaida hulipiwa dola 350 za kuwasilisha, 770 za upekuzi wa uvumbuzi uliotangulia, na 880 za uchunguzi, yaani dola 2,000. Mwombaji mdogo, kama mtu binafsi au biashara ndogo, hupunguziwa asilimia 60 ya ada nyingi, na mwombaji mdogo kabisa asilimia 80, hivyo huyu wa mwisho hulipa dola 400. Mtanzania hazuiwi kuomba punguzo hilo la asilimia 80. Masharti yanahusu kipato chake, idadi ya maombi aliyokwisha kuwasilisha Marekani, ambayo hayapaswi kuzidi manne, na kama haki yake ameikabidhi au ameahidi kuikabidhi kwa mtu au kampuni yenye kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa. Anayedai punguzo kwa uongo anaweza kutozwa faini isiyopungua mara tatu ya kiasi alichokikwepa.

Wengi huongezewa gharama na madai, yaani sentensi zinazoeleza mipaka ya ulinzi. Ada ya msingi inabeba madai 20, na kati ya hayo madai huru, yaani yanayojisimamia bila kutegemea dai jingine, yasizidi matatu. Dai la ziada hulipiwa dola 200, na dai huru la ziada dola 600. Tuseme fundi wetu ameandika madai 24, manne yakiwa huru: atadaiwa 800 kwa manne yaliyozidi na 600 kwa lile huru la nne, jumla dola 1,400, ambazo kwa punguzo la asilimia 80 zinakuwa 280. Ombi la dola 400 limefika 680 kwa sababu ya uandishi tu, ilhali pengine madai hayo yangeunganishwa bila kupunguza ulinzi.

Ombi likikubaliwa, kuna ada ya kutoa hataza ya dola 1,290, kisha ada tatu za kuidumisha, ambazo mwisho wake ni miaka 3.5, 7.5 na 11.5 tangu kutolewa: dola 2,150, 4,040 na 8,280. Kwa mwombaji mdogo kabisa, ombi, utoaji na udumishaji kwa pamoja ni dola 3,552, bila gharama za wakala wala madai ya ziada. Ukichelewa una miezi 6 ya kulipa pamoja na tozo. Tarehe hizo ziandike wewe mwenyewe, maana jukumu la kukumbuka ni la mwenye hataza.

Uchunguzi upya ni suala jingine. Marekani, mtu yeyote, hata mwenye hataza mwenyewe, anaweza kuomba hataza iliyokwisha kutolewa ichunguzwe tena, akitegemea hataza za awali au machapisho yanayoibua hoja mpya ya msingi. Gharama ni ya anayeomba: dola 6,775 kwa ombi fupi lisilozidi kurasa 40, au 13,545 kwa lililo refu zaidi, mwombaji mdogo hulipa 2,710 au 5,418. Ofisi huamua ndani ya miezi 3 kama hoja inatosha, na ikikataa, sehemu tu ya ada hurejeshwa. Ikikubali, mwenye hataza hulazimika kujibu hoja za mchunguzi ndani ya muda uliowekwa, kwa kawaida miezi 2, na asipojibu madai yaliyokataliwa hufutwa. Kwa hiyo unapoweka akiba ya ada za kudumisha, weka pia fungu la wakala wa kukujibia, na hakikisha anwani iliyoko ofisini ni ile unayoisoma kila siku.