Mwanafunzi Anapojidhuru: Mwongozo kwa Mshauri wa Shule

Mshauri anayepata taarifa kwamba mwanafunzi anajijeruhi hana budi kutambua kwanza tendo hilo linamsaidiaje mwanafunzi mwenyewe, kwani asipolitambua atashughulikia jeraha na kukiacha chanzo chake. Kwa vijana wengi, kujidhuru ni njia ya kutuliza hisia zilizowazidi nguvu, ya kujiadhibu, au ya kuondokana na ganzi ya moyo. Nafuu huja upesi lakini haidumu, kisha hufuata aibu, na hapo ndipo tendo hurudiwa. Dai la kwamba kijana "anatafuta kuonekana tu" ni jepesi mno, maana wengi huyaficha majeraha kwa bidii. Mara nyingi tabia hii huanza kati ya umri wa miaka 12 na 14, na huwapata wavulana pia, wakiwemo wanafunzi wanaofanya vizuri darasani.

Mazungumzo ya kwanza yafanyike faraghani. Kabla mwanafunzi hajaeleza lolote, mwambie mipaka ya siri: kwamba maisha yake yakiwa hatarini, utalazimika kumshirikisha mtu mwingine. Akielezwa hayo baada ya kufunguka, ataona amesalitiwa, na huenda asirudi. Usionyeshe mshtuko wala hasira, na usidai kuonyeshwa majeraha. Likiwapo jeraha bichi, apelekwe kwa muuguzi. Swali la "kwa nini unajifanyia hivi?" husikika kama mashtaka, hivyo ni afadhali kuuliza ni mambo gani hutangulia na hujisikiaje baadaye.

Kisha uliza waziwazi kuhusu kujiua. Washauri wengi huliogopa swali hili, ingawa kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi wanaojidhuru hawakusudii kufa, lakini hatari ya kujaribu kujiua siku za usoni ni kubwa zaidi kwao kuliko kwa wenzao. Mwanafunzi mwenye nia au mpango wa kujiua asiachwe peke yake, mzazi au mlezi aarifiwe, na afikishwe kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo. Iwapo nyumbani ndiko anakodhulumiwa, fuata utaratibu wa ulinzi wa mtoto badala ya kumrudisha mikononi mwa anayemtesa.

Usimtake aahidi kuacha, kwa kuwa ahadi ya namna hiyo humfundisha kuficha zaidi. Andikeni pamoja mpango wa usalama unaotaja dalili za hatari, mambo yanayomtuliza, na watu wazima wa kuwaendea. Mpe pia rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Miongoni mwa tiba zilizoonyesha kupunguza kujidhuru kwa vijana ni ile ya kitabia ya dialektiki (DBT), yaani inayounganisha kujikubali na kujibadilisha, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan nchini Marekani, ambayo hufundisha kustahimili dhiki na kudhibiti hisia. Rufaa isiwe mwisho wa vikao vyenu.

Tabia hii inaweza kuenea miongoni mwa marafiki, kwa hiyo isitangazwe mbele ya wanafunzi wote, wala njia zilizotumika zisisimuliwe. Rafiki aliyeleta taarifa ashukuriwe na aambiwe wazi kwamba ulinzi wa mwenzake sasa ni jukumu la watu wazima. Naye huenda akahitaji kusikilizwa, jambo ambalo shule nyingi hulisahau.