Kubadilisha pati kwenye asembli bila meti zote kukufia

Kama unachora mashine kwenye kompyuta kwa programu kama SolidWorks au Inventor, na umeshawahi kubadilisha bolti moja tu kwenye asembli (pati, yaani vipande, zilizounganishwa pamoja) halafu listi ya pati ya kushoto ikajaa alama nyekundu juu mpaka chini, hapa tutaelewana.

Kwanza, usifute pati ya zamani ukaingiza mpya. Ukifuta, meti zilizokuwa zinaishikilia (yaani masharti yanayoifunga pati moja na nyingine mahali pake) zinaenda nayo, na kama kuna pati nyingine ilichorwa kwa kutegemea uso wake, nayo inaanza kulalamika. Amri ya kazi hii ipo. SolidWorks unarait-kliki pati kwenye listi unachagua "Replace Components", Inventor ni Ctrl+H, ukitaka zote za aina hiyo kwa mpigo Ctrl+Shift+H.

Sasa amri yenyewe sio mganga. Watu wanashangaa, jamani pati mpya ina shimo palepale, saizi ileile, mbona meti imekatika? Ni kwamba meti haiangalii umbo, imeshika utambulisho wa ndani wa ule uso, na pati uliyochora upya kutoka sifuri nyuso zake zina utambulisho wake mwingine kabisa, hata kama kwa macho zinafanana kama mapacha.

Kwa hiyo ujanja wote uko kabla ya kubadilisha. Fungua pati ya zamani, sevu kopi kwa jina jipya, halafu hariri hiyo kopi. Badilisha vipimo, ongeza unachotaka, ila ule mchoro wa kwanza uliozaa umbo lenyewe usiufute ukachora mwingine, manake hapo umerudi kulekule. Ukileta kopi hiyo kwenye asembli, mara nyingi inakaa kimya kama hakuna kilichotokea.

Kwenye dirisha la "Replace Components" la SolidWorks hakikisha tiki ya "Re-attach mates" ipo. "All instances" weka tu kama kweli unataka zote zibadilike, mimi niliwahi kuisahau nikabadilisha bolti za mashine nzima badala ya mbili. Ukikubali, inakuletea listi ya nyuso zilizopotea, unagusa mstari mmoja halafu unagusa uso wake kwenye pati mpya, hivyohivyo mpaka ziishe. Pati ikigeuka miguu juu usiogope, geuza tu uelekeo wa ile meti.

Na kama tofauti ni saizi tu, mfano bolti M8 (unene wa milimita 8) kwenda M10, wala usihangaike na faili jingine, tengeneza konfigurisheni, yaani toleo jingine la saizi, ndani ya pati ileile ubadilishe hapo.

Ila hapa kuna mtego. Shimo la kawaida la kupitisha M8 ni milimita 9, la M10 ni 11. Ukiweka M10 kwenye shimo la 9 programu haisemi kitu, kwa sababu meti ya kulinganisha senta inajali mhimili tu, bolti inazama ndani ya chuma na skrini iko safi, hakuna hata alama moja nyekundu, na wewe unajisifu umemaliza. Kwa hiyo ukishabadilisha endesha "Interference Detection" (amri ya kutafuta pati zinazoingiliana) kila mara, halafu fungua na droingi, yaani karatasi ya michoro yenye vipimo, kuna vipimo vitakuwa vinaning'inia hewani vinatafuta kingo za pati uliyoitoa.