Kujiandaa na triathloni ya kwanza ukiwa Pwani

Jamani kama ndo unaanza triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, usirukie Ironman, ile ndefu sana, anza na ile fupi ya sprinti: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Kila mchezo mara mbili kwa wiki, siku moja pumzika kabisa.

Kuogelea ndo kunasumbua wengi, maana bwawani kuna mstari chini unaufuata ila baharini hamna, so chagua kitu kirefu nchi kavu, mnazi au mnara wa msikiti, kila ukipiga mikono sita hivi inua macho tu ukiangalie, sio kichwa chote, ukiinua kichwa miguu inazama. Usiende peke yako, na vaa kofia ya rangi kali boti zikuone.

Halafu hili msiliruke: mara moja kwa wiki ukishuka tu kwenye baiskeli vaa raba hapo hapo ukimbie dakika 10. Miguu inakuwa mizito kama magogo, mi mara ya kwanza nilidhani nimeumia kumbe ni kawaida, piga hatua fupi fupi za haraka, baada ya muda inaachia. Ndizi na maji maliza ukiwa bado kwenye baiskeli, ukikimbia tumbo linagoma.