Jinsi ya kumjua Handel kama unachojua ni Haleluya tu

Kama umewahi kuimba kwaya basi Haleluya unaijua, ile inayoanza d s l s, mwalimu anaanza kuifundisha Novemba na mpaka Krismasi inafika sisi wa besi bado tunaingia kabla ya wakati. Wengi tunaishia hapo hapo, Handel aliyeitunga kwetu ni wimbo mmoja. Mimi nilijaribu kujitoa huko kwa kusikiliza Messiah, ile kazi yake ndefu ambayo Haleluya imo ndani yake, yote kwa mkupuo, ni masaa mawili na zaidi, nikalala. Kilichonisaidia ni kumfuata maisha yake, kila alipohamia nasikiliza kitu kimoja tu, basi.

Anza na mpira. Ule wimbo wa Champions League, Tony Britten aliutengeneza 1992 akichota kwenye Zadok the Priest, ambayo Handel aliitunga 1727 kwa ajili ya kutawazwa mfalme George II wa Uingereza. Itafute YouTube, vaa earphone, na usisogeze mbele hata ukichoka. Vayolini zinapanda taratibu zaidi ya dakika nzima hakuna anayefungua mdomo, unajiuliza hawa waimbaji wamekuja kufanya nini, halafu kwaya ya sauti saba inalipuka kwa mara moja. Isikilize kama mara tatu hivi. Handel ni fundi wa kukusubirisha, ukishaizoea janja hiyo utaikuta kila mahali.

Sasa rudi nyuma. Kazaliwa Halle, Ujerumani, 1685, baba yake kinyozi na mpasuaji (enzi hizo ilikuwa kazi ya mtu mmoja) na alitaka kijana asome sheria. Kijana akaenda zake Hamburg kwenye opera (maigizo yanayoimbwa), na 1704 akapigana kwa mapanga na rafiki yake Mattheson, kisa nani akae kwenye kinanda, upanga wa Mattheson ukavunjikia kwenye kifungo cha koti. Kifungo jamani! Bila hicho hakuna Haleluya. Baadaye wakapatana.

Halafu Italia, hapo sikiliza Dixit Dominus ya 1707, ni Zaburi ya 110 kwa Kilatini, alikuwa na miaka 22 na inasikika kabisa kwamba ni kijana anayetaka kuonekana, sauti zinakimbizwa mpaka unawahurumia waimbaji.

London alijulikana kwa opera ya Rinaldo, 1711. Ndani yake kuna Lascia ch'io pianga, isikilize, kisha tafuta Lascia la spina aliyoitunga 1707. Ni wimbo ule ule! Mzee alikuwa hatupi kitu. Na hii ndio niliyoipenda kuliko zote: ile korasi ya Messiah ya "Maana kwa ajili yetu mtoto amezaliwa" aliichukua kutoka wimbo wake wa watu wawili wa Kiitaliano, No, di voi non vo' fidarmi, unaolalamika kwamba mapenzi hayaaminiki. Zipige moja baada ya nyingine halafu mkazisikilize pamoja kwaya, watu watacheka.

Opera ilimtajirisha na ilimchosha pia, waimbaji wa Italia walikuwa ghali, watazamaji wakaanza kuchoka na lugha wasiyoielewa, na 1737 akapata kiharusi mkono wa kulia ukalegea. Alipona, akageukia nyimbo za Biblia kwa Kiingereza, hakuna mavazi wala maigizo, kazi kubwa anabebeshwa kwaya. Messiah aliiandika kwa siku 24 tu, 22 Agosti mpaka 14 Septemba 1741, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin Aprili 1742, wanawake wakaombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa pete kubwa ndani na wanaume waache mapanga nyumbani ili watu wengi watoshe. Mapato yakaenda hospitali na kulipia madeni ya wafungwa, 142 wakatoka. Ila pia ujue aliwahi kuwa na hisa za Royal African Company, kampuni iliyouza watu kutoka Afrika Magharibi. Sikufurahi kulijua hilo, ila ni mtu yule yule.

Ukifika hapa ndio uifungue Messiah, sehemu moja kwa jioni moja, ziko tatu. Chagua rekodi ya kwaya ndogo, kwaya kubwa inameza zile noti za haraka. Kama una karatasi yako ya solfa fuata sauti yako tu, usihangaike na nyingine. Haleluya utaikuta mwisho wa sehemu ya pili, usizime simu ukidhani imeisha, kule mwishoni kabisa kuna Amina, neno moja tu linaimbwa kwa dakika kadhaa, na safari hii wanaoanza ni besi.