Viatu vya mtoto mwenye mguu kifundo Marekani: usisaini kabla bima haijaandika

Naandika nikiwa Ujiji, kibarazani kwa mama. Binti yangu anakimbizana na binamu zake, na viatu alivyovaa vimeongezwa soli na fundi wa soko la Mwanga kwa shilingi elfu kumi na tano. Viatu alivyotengenezewa Des Moines, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka jana vilinitoa dola 640, na hakuvivaa wiki tatu. Kuna wazazi wengi wa Kiafrika Mashariki kule ambao wako karibu kuingia shimo nililoingia mimi, kwa hiyo nitalieleza hilo shimo kwa kirefu. Mambo mengine nitayapitia haraka.

Binti yangu ana miaka saba. Alizaliwa na mguu kifundo upande wa kushoto, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani. Alitibiwa vizuri kwa njia ya Dk. Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Iowa, na ambayo hata kwetu Tanzania inatumika: alifungwa hogo linalobadilishwa kila wiki, halafu viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha usiku tu hadi miaka minne. Mguu ukanyooka. Kilichonishangaza ni kwamba mguu uliokuwa na kifundo hubaki mdogo kuliko mwenzake, na shavu la mguu huo huwa jembamba. Leo mguu wa kulia unavaa namba 13 ya watoto ya Marekani, wa kushoto 11 na nusu, na ule wa kushoto ni mfupi kwa sentimita moja. Pea ya kawaida dukani haimfai.

Daktari akaandika barua kwamba anahitaji viatu maalumu. Akatuelekeza kwenye duka la wataalamu wa vifaa vya miguu, nje ya hospitali. Tukapokelewa vizuri mno. Mtoto akapewa puto, miguu ikapimwa, dada wa mapokezi akanipa kishikwambi akasema, "Saini hapa na hapa, ni utaratibu tu." Nikauliza kama bima ya kazini kwangu itagharamia. Akajibu, "Kwa kawaida bima hulipa." Nikasaini mara tano. Ukurasa wa nne ulisema kwamba bima ikikataa, nitalipa mimi gharama yote, na kwamba kitu kilichotengenezwa kwa kipimo cha mtu hakirudishwi. Sikuusoma. Mtoto alikuwa anataka kwenda chooni, nyuma yangu kulikuwa na foleni, na yule dada alikuwa anatabasamu.

Huku nyumbani tumezoea usumbufu wa aina nyingine. Unafika dirishani na kadi ya bima na karatasi ya rufaa, wanakuangalia usoni wanakwambia, "Hiki bima haikigusi, lipa au nenda ukanunue duka la nje." Unakasirika, lakini umejua bei ukiwa bado na hela yako mfukoni. Kule Marekani hakuna anayekwambia dirishani. Kitu unapewa kwanza, jibu la bima linakuja baadaye, na bili inakuja mwisho kabisa. Sisi tuliolelewa na dirisha la malipo tunadhani ukimya wa mhudumu maana yake imelipwa. Haina maana hiyo. Narudia: mhudumu akinyamaza kuhusu bei, hakuna kilicholipwa bado.

Viatu vilikuja baada ya wiki tisa. Mtoto wa miaka saba hasubiri wiki tisa, mguu wa kulia ulikuwa umeshakua na kidole gumba kinagusa mbele. Wiki moja baadaye ikaja barua ya bima: wamekataa. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, duka halikuomba kibali cha awali. Pili, sera yao hulipia kiatu pale tu kilipounganishwa na kifaa cha kushikilia mguu, na binti yangu havai tena kifaa hicho. Kanuni hiyo ya pili si ya kampuni yangu peke yake. Bima nyingi kule zimeifuata kutoka Medicare, bima ya serikali ya wazee, na mhudumu yeyote wa duka lile aliijua. Nilipiga simu dukani nikaambiwa nilisaini. Nikakata rufaa kwenye bima, nikashindwa. Nilipochelewa kulipa kwa miezi mitatu, deni likapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, nikaanza kupigiwa simu kazini. Mwishowe nililipa kidogokidogo, dola 80 kwa mwezi.

Sasa sikiliza. Usisaini karatasi ya kukubali kulipa kabla hujashika mkononi kibali cha bima kilichoandikwa. Kauli ya mdomo ya mhudumu, daktari au hata mtu wa bima kwenye simu haitoshi. Dai karatasi yenye namba ya kibali, jina la mtoto na kitu kilichokubaliwa. Mwambie mhudumu kwa upole, "Msiagize chochote mpaka kibali kifike." Hakuna atakayekufukuza. Mimi nilidhani kuuliza bei mbele ya daktari ni kukosa adabu, kwa malezi yetu, na adabu hiyo ilinigharimu.

Omba pia msimbo wa kiatu. Viatu na soli za namna hii hutambuliwa kwa herufi L ikifuatiwa na tarakimu nne. Ukiwa nao, piga simu bima mwenyewe, wasomee msimbo, uliza mambo matatu: mnalipia, mnahitaji kibali cha awali, na duka hili limo kwenye orodha yenu? Uliza tena kiasi unachotakiwa kumaliza kutoka mfukoni kabla bima haijaanza kulipa, kwa sababu unaweza kukubaliwa na bado ukalipa karibu yote. Andika tarehe, saa na jina la uliyeongea naye. Kiingereza kikikusumbua, hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa zikupe mkalimani bila malipo, na wa Kiswahili hupatikana kwa simu. Usimfanye mtoto wako mkubwa awe mkalimani wa karatasi za fedha. Nimeona akina mama waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, wakimwachia mtoto wa darasa la tano aeleze masharti ambayo hata mwanasheria angeyasoma mara mbili.

Ukiwa umeshakataliwa, usikae na barua kabatini. Bima ya kazini kwa kawaida hukupa siku 180 za kukata rufaa. Mtoto akiwa kwenye Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, na inaendeshwa na kampuni, ni siku 60 tangu tarehe ya barua. Na kwa Medicaid kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mtu yeyote chini ya miaka 21 ana haki ya kupata matibabu anayoyahitaji kiafya hata kama hayamo kwenye orodha ya watu wazima wa jimbo lake. Kwa hiyo barua ya daktari isiseme tu "anahitaji viatu". Iseme tofauti ya miguu kwa milimita, maumivu, mara anazoanguka, na kitakachotokea asipopata. Barua ya binti yangu ilikuwa na mistari miwili. Ndiyo maana rufaa yangu haikuwa na miguu ya kusimamia.

Kama una uchaguzi, nenda idara ya vifaa iliyo ndani ya hospitali isiyo ya faida. Sheria inazitaka hospitali hizo ziwe na utaratibu ulioandikwa wa kuwasaidia wasio na uwezo, na unaweza kuomba hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza. Duka la binafsi la nje halibanwi na sheria hiyo, nami niliambiwa hivyo nikiwa tayari nadaiwa. Pia kuna hospitali za Shriners Children's, zinazotibu mifupa na viungo vya watoto bila kuangalia familia ina uwezo wa kulipa au haina. Ningeanzia huko.

Lakini ukweli ulionichoma zaidi ni kwamba binti yangu hakuhitaji kiatu cha dola 640. Alihitaji viatu viwili vya kawaida vya namba mbili tofauti na sentimita moja ya soli. Ukinunua pea mbili za dola 30, umetumia 60, na umebakiwa na viatu viwili visivyo na wenzao. Maduka ya Nordstrom yana desturi ya kukugawia pea ikiwa miguu inapishana kwa namba moja na nusu au zaidi, bila kukutoza pea ya pili. Uliza kabla hujalipa. Zappos, duka la mtandaoni, walianza mwaka 2020 kuuza kiatu kimoja kimoja. Mwenye unyayo mpana atafute New Balance au Stride Rite, wanaotengeneza viatu vya watoto kwa upana wa M (wa kawaida), W (mpana) na XW (mpana zaidi). Anayevaa kifaa cha plastiki ndani ya kiatu aangalie viatu vya Billy Footwear, ambavyo zipu yake inazunguka hadi mbele na kiatu kinafunguka chote, au vya Nike vya FlyEase. Hivyo vya Nike vilitoka mwaka 2015, baada ya kijana mwenye mtindio wa ubongo, Matthew Walzer, kuwaandikia barua kwamba hawezi kujifunga kamba. Usinunue chochote kilichoandikwa kwamba mauzo yake ni ya mwisho, hata kikiwa nusu bei. Maneno hayo maana yake ni kwamba hurudishi.

Hapa niwaguse ndugu zangu wa nyumbani, kwa upendo. Tangu nifike Kigoma nimeshaombwa viatu vya watoto wanne wenye miguu ya shida. Shangazi alinitumia picha ya kiatu kilichochakaa kikiwa juu ya mkeka, akasema, "Kama hiki, ila kikubwa kidogo, huko si mnapewa bure?" Shangazi, hatupewi bure. Na siwezi kupima mguu kwenye picha. Msimamishe mtoto jioni juu ya karatasi, kisigino kiguse ukuta, penseli iwe wima, chora miguu yote miwili hata kama mmoja ni mzima, pima urefu na upana kwa sentimita, kisha ndiyo unitumie. Namba za kwetu, kama 28 au 31, si zile za Marekani, na za watoto kule hupanda hadi 13 na nusu kisha huanza tena 1. Mama mmoja alimnunulia mwanawe wa miaka mitatu namba 1 akidhani ni ndogo. Kingine: muda wa kurudisha kiatu dukani mara nyingi ni siku 30 au 60, na mzigo ukija na msafiri hadi Ujiji muda huo umekwisha. Wala msitake kiatu kikubwa "akue nacho". Mtoto mwenye mguu dhaifu akivaa kiatu kinachopwaya ataanguka.

Jamii ya Marekani ina mambo mawili ambayo siwezi kuyapatanisha moyoni. Shuleni kwa binti yangu hakuna aliyemnyooshea kidole. Mwalimu wa michezo alimpangia mbio zake mwenyewe bila mimi kuomba. Hapa Ujiji, siku ya pili tu, mwanamke mmoja alisimama njiani akaniuliza nilimkosea nani hadi mtoto akazaliwa hivyo, mbele ya mtoto. Kule wangeona haya kusema hivyo. Lakini watu hao hao wenye heshima wamejenga utaratibu ambao mama anasaini deni kwa kidole akiwa amembeba mtoto mwenye puto, na kila mmoja aliyehusika anaamini amefanya kazi yake vizuri. Kwetu mtu atakuumiza kwa mdomo, kisha fundi atamrekebishia mwanao kiatu mchana huohuo na kukwambia bei kabla hajashika sindano. Ningependa mtoto wangu akue na heshima ya kule na uwazi wa huyu fundi.

Huyo fundi nilimpata kwa shemeji. Nilimpelekea viatu vya raba vya namba mbili, pamoja na barua ya daktari inayotaja sentimita moja. Alibandua soli ya kiatu cha kushoto, akaweka tabaka la raba nyepesi kuanzia kisigino hadi vidoleni, likipungua mbele ili mguu uviringike anapotembea, akabandika, kisha akashona pembeni. Alimtembeza binti yangu mara tatu barazani akiangalia mabega kama yako sawa. Ukitaka kufanya hivi ukiwa likizo, chagua kiatu chenye soli bapa ya raba. Zile zenye mifuko ya hewa alizikataa, anasema hazishiki gundi. Acha kiatu kilale na gundi usiku mzima kabla mtoto hajavaa. Na daktari aone kazi hiyo ukirudi, kwa sababu urefu ukizidi, maumivu yanahamia kiunoni.

Nimemwachia pea nyingine mbili, moja ya shule nyeusi na moja iliyozidi kidogo ya mwakani. Alisema zitakuwa tayari Alhamisi, nasi tunapanda treni ya Dar Jumamosi.